Talaka Rejea

Miaka ishirini na saba fundi Famau
aliilisha jenereta ya zahanati ya Siyu
kama mtu afugaye punda mkaidi:
kwa matusi, kwa kitambaa, kwa vijiko vya oili.
Diseli ilingoja maji yajae mkondoni,
mapipa yakaviringishwa topeni hadi magotini,
na bamvua likichelewa, chanjo zikaharibika,
na Khuleita mkunga akazalisha
kwa taa ya simu aliyoibana menoni.

Jenereta haikumwacha bure.
Ilichukua sikio la kushoto kwanza,
la kulia ikalifuata.
Siku hizi ukimsalimu hukutazama midomo.

Sasa kuna kabati la kijivu,
halizidi sanduku la bibi harusi.
Ndani yake hakuna kinachozunguka.
Ufunguo nimepewa mimi, Mwanaarafa binti Shee,
mwenye cheti cha wiki sita kutoka Mombasa;
yeye amepewa kiti cha plastiki.

Akauliza, kwa sauti kubwa ya asiyejisikia:
“Chuma hiki chala nini?”

Nikamwandikia nyuma ya daftari la dawa:

Fundi, mchana jua la paneli huyaingia maji
likayapa talaka. Moja tu, talaka rejea.
Oksijeni huenda zake hewani kwa jamaa zake.
Hidrojeni hukaa eda mtungini,
nyepesi, haina rangi, haina harufu
(ndiyo maana nina king'ora
na dirisha lisilofungwa kamwe:
asiyeonekana hulindwa zaidi).
Usiku hurejeana.
Ila kati yao pana utando, mwembamba kama ngozi ya kitunguu,
na hapo mlangoni hidrojeni hupasuka.
Protoni hupita ndani moja kwa moja, mwana wa nyumba.
Elektroni huambiwa: wewe mgeni, zunguka.
Nayo huzunguka, kama mgeni azungushwavyo mitaa ya Amu,
daka kwa daka, kichochoro kwa kichochoro,
na kuzunguka huko ndiko kunakowasha taa ya Khuleita.
Wakikutana upande wa pili hawatoi moshi.
Wanakuwa maji tena.

Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno.
Penye talaka akacheka.
Kisha akaweka kiganja ubavuni mwa kabati,
vile alivyokuwa akiipima jenereta kama i hai.

“Limekufa,” akasema.

Nikamwonyesha taa.
Nikamwonyesha friji, nyuzi nne, haijatikisika.
Nikamvuta nyuma, penye kibomba chembamba kama unyasi,
tone likijikusanya, likisita, likidondoka.
Akakinga mkono. Akaonja.
Mtu wa Siyu, aliyezaliwa na visima vya chumvi.
“Halina ladha,” akasema, kama anayelalamika.

Sikumwandikia yote.
Kwamba chumvi yetu imeziba chujio mara mbili,
kwamba kipuri kimelala Mokowe wiki ya tatu
kikingoja sahihi ya mtu aliye likizo,
kwamba zaidi ya nusu ya jua tunalovuna
hupotea njiani kabla ya usiku kuingia.
Waliolileta walipiga picha, wakala kamba, wakaenda.

Juzi, saa nane za usiku, mtoto wa Mwanaisha alizaliwa
na kilio chake kikavuka ukuta,
kikavuka zizi la punda,
watu wakaamka vitandani wasijue ni nini.
Hatukuwahi kumsikia mtoto akizaliwa hapa.
Jenereta ilikuwa ikivimeza vilio vyote.

Asubuhi walimshukuru Mungu kwa kimya hiki.
Sisi tumekipata bure.
Famau alikilipia mapema, masikio mawili,
na usiku ule alikuwa kitini, kiganja kabatini,
akinitazama midomo.

“Amelia?”

Nikaitikia kwa kichwa.

Akainama, akachukua kopo lililokuwa chini ya kibomba,
limejaa tangu magharibi,
akalimimina lote birikani, akawasha jiko,
akauliza kama Khuleita hunywa chai ya tangawizi.