Kabla ya Kuanika

Nyanjige aliziweka mezani kanda tatu,
kila moja ndogo kama kiberiti,
zimefundikwa kwenye pindo la khanga.
"Harusi ya kaka, Igoma, elfu mbili na nne.
Nataka ziingie kwenye simu.
Zote. Leo."

Leo haiwezekani, nikamwambia.
Kanda haijui haraka:
saa moja iliyorekodiwa ni saa moja ya kukaa,
kamera kuukuu inazungusha, waya unanyonya,
kompyuta inameza tonge kwa tonge,
na umeme wa Makoroboi ukikatika
tunarudi mwanzo.

Kisha nikamuuliza ninachowauliza wote:
fomati gani?

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza
jina la babu yake panya.

Sikiliza, mama. Twende Mwaloni.
Sato akitoka majini ana uzito, ana maji, ana macho.
Hiyo ndiyo DV: gigabaiti kumi na tatu kwa saa,
inajaza diski, inamaliza pesa,
lakini kila picha imesimama kwa miguu yake,
nikikata hapa, panakatika hapa.
MP4 ni dagaa. Kaanikwa juani, mwepesi,
anafika Lubumbashi ndani ya gunia
na aliye mbali anakula, anashiba.
Ila dagaa ukimloweka anavimba tu;
haogelei.

Basi tunapasua kwanza, tunaanika mwisho.
Walioanika kwanza ndio hao wanaoniletea
bibi harusi mwenye uso wa vigae,
na shela inayochanika meno ya chanuo
kila akigeuka.

"Na huyo samaki mbichi, bei gani?"
Nikamtajia bei ya diski.
Akacheka kicheko kikavu.
"Anika tu, baba."

Kanda ya kwanza: ndafu, wajomba,
mtu anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili,
hadi saba.
Ya pili: zawadi. Masufuria, masufuria,
godoro likiingia likicheza juu ya vichwa.
Ya tatu, dakika ya arobaini na moja,
mpiga picha alidhani amezima.
Dunia ikapinduka: miguu ya viti,
vumbi, kuku, beseni la vyombo,
na raba nyeupe, kamba moja ya kijani,
zikitembea bila mwenyewe.

"Hapo kata," akasema. "Hapo hakuna kitu."

Kipanya kilikuwa mkononi mwangu.
Ndipo sauti ya mwanamke, kutoka nje ya picha:
"Wewe kijana wa kamera, umekula?
Tangu asubuhi umebeba hilo dude.
Njoo, nimekufichia ukoko."

Nyanjige akashika ukingo wa meza.
Picha za mama yake anazo, za ukutani, za kwenye kitambulisho,
zote zimefumba mdomo.
"Miaka tisa," akasema.
"Nilishaanza kuikosea."

Sikumjibu. Nilikuwa naziangalia zile raba.
Ile kamba ya kijani niliichomoa mwenyewe
kwenye begi langu la shule.
Ukoko niliula. Nakumbuka iliki,
nakumbuka ulivyoshika kwenye jino.
Aliyenipa simkumbuki;
nilikuwa na njaa, sikuinua macho.

Hatukukata.

Akafungua fundo la khanga, akahesabu noti za diski.
Zilipungua elfu nane.
Nikazihesabu upya kwa sauti,
nikakosea makusudi, zikatimia.

"Dada yangu aliye Sumbawanga," akasema,
"mtumie dagaa. Mimi niachie huyu
na maji yake."

Umeme ukakatika.
Feni ikazunguka mizunguko mitatu ya kuaga,
kioo kikawa cheusi,
na nje vyerehani vya miguu vikaendelea
kama havijasikia.

Nikamwambia pole, mama, faili limeharibika,
itabidi kanda hii tuirudie
tangu mwanzo, saa nzima.

Akavuta stuli, akakaa.
"Anza tu," akasema.
"Nina muda."