Picha Nne za Mcha

Duka pale Hurumzi,
kutengeza saa kazi,
Mcha kanunua juzi
picha nne mnadani.

Michoro ya Ufaransa,
ni ya kale, si ya sasa,
na mchwa wameitesa,
nyuso hawakuthamini.

Kazibandika kwa gundi,
likakusanyika kundi
la makuli, la mafundi,
na mabibi wa sokoni.

Ya kwanza ni mwenye nyumba,
kitambi kimemvimba;
mpangaji, kama komba,
kajificha uvunguni.

Bi Mwatima akacheka,
ukaya ukamtoka:
“Shaame huyu, hakika,
kwa kodi hana imani!”

Shaame kaja mwenyewe,
kioo saa itiwe;
akaganda kama jiwe,
sote pumzi kooni.

Mara akapiga paja:
“Huyo Pandu! Amekuja
mpaka huku kungoja
madeni yake, jamani!”

Ya pili mna upepo,
mwavuli mithili popo,
kofia haiko hapo,
yaelea mtaroni.

Kombo Faki katamka:
“Kumbe kwao hufurika
kama sisi kwa masika!
Tulidhani ni peponi!”

Ya tatu kuna dirisha,
bibi ndoo aishusha,
mchumba aliyekesha
kapata maji kichwani.

Hapo Mcha kakohoa,
saa yake kainua,
na sote tukatambua
ya kwake Vikokotoni:

kanzu nyeupe halisi
ikageuka nyeusi,
maji ya kukosha ngisi
yakatona kifuani.

Ya nne ndiyo yauma:
umati umesimama,
picha wakizitazama
kwenye kioo dukani.

Mmoja, pua kasuku,
kabeba kapu la kuku,
mchana hadi usiku
kinywa wazi, hana soni.

Nikamcheka kwa nguvu
hata nikashika mbavu.
Mcha, kwa ule werevu,
akaniuliza: “Nani?”

Nikatazama mkono:
kapu la tembe watano
tupu! Sikupata neno.
Kuku wako Darajani.

Kesho nikenda na pesa
niinunue kabisa;
Mcha kanambia: “Sasa
umechelewa, fulani.

Shaame kabeba zote,
atundike ili wote
walipa kodi wapite
wamwone Pandu ngazini.”

Nami, mpangaji wake,
nikipanda ngazi yake
lazima kwanza nicheke,
niseme: “Iko njiani.”