Mahali Sindano Iliporuka

Shaweji amepanda Newala na sidii.
Imesafishwa upya, anasema, kila mkwaruzo umetolewa
kama mawe kwenye mchele.
Haya, weka. Sina ugomvi na usafi.

Na kweli, kumbe kuna gitaa la pili!
Miaka yote hii limejibanza nyuma ya matarumbeta
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Besi naisikia magotini.
Mpiga tumba ana vidole; nilidhani ana viganja tu.
Shaweji anatabasamu kama aliyeshinda kesi.

Sahani yetu haikuwa na haya.
Baba aliinunua kwa pesa ya mikorosho aliyoipalilia mama,
mwaka ule aliorudi toka mkonge wa Tanga,
miaka minne bila barua.
Wiki mbili ilikuwa nzima.
Kisha mimi, na miaka yangu sita,
nikataka kumwona mwimbaji humo ndani,
nikamtafuta kwa msumari.

Tangu hapo ikawa inakaanga,
inakaanga kwanza kama karanga, ndipo iimbe.
Baba akabandika senti hamsini juu ya mkono wa sindano,
ile yenye sungura,
ili isiruke.
Ikaruka na sungura wake.

Ubeti wa pili, siku zote, palepale:
*Nilirudi na mvua, nika…*
*…mlango.*
Nika-nini?
Jirani yetu Nampute aliimba *nikavunja mlango*,
akacheka peke yake.
Baba, pengo likifika, aliinama kutafuta kiberiti.
Mama, ungo mkononi, mtama unaruka na kurudi,
hakukosea hata siku moja:
*nikakuta wazi mlango.*

Leo sidii imefika hapo
wala haikujikwaa.
Mwimbaji ametamka yote, nasikia hadi mate yake:
*nikakuta umefunga mlango.*

Rudisha, Shaweji.
Rudisha tena.

Umefunga.

Nami nilikuwa nimeanza kumhurumia mama,
kwamba amekufa bila kulijua neno hili.
Lakini wiki mbili ilikuwa nzima.
Chumba kilikuwa kimoja,
na masikio yake hayakuwa na kasoro.

Sidii ni nzuri, mwanangu, sitasema uongo.
Hilo gitaa nitalitafuta kila jioni.
Ila ubeti wa pili ukikaribia
punguza kidogo.
Pana mtu ana zamu yake pale.