Hapo Usipaguse

Kabla ya kazi namwaga maji sakafuni,
vumbi la Barabara ya Kibos lilale,
lisije likaamkia chini ya filamu.
Punje moja, ndogo kuliko jicho la omena,
na mwenye gari ataiona kila siku hadi aliuze.

Mimi huvisha magari ngozi ya pili.
Ukiiona, nimekosea.
Huja wenye Prado mpya, harufu ya bandari bado vitini,
wakihofia kokoto za malori ya miwa kule Awasi,
visubi wa ziwani wanaopasukia boneti usiku
na kukauka kama ukoko wa uji,
na korongo wa mitini, wasio na adabu
wala hawachagui cheo.
Nawaambia: kikidondoka, usingoje Jumamosi.
Maji. Kitambaa laini. Mkono mwepesi.
Rangi huungua kimyakimya.

Akaja Bi Dorsila Nyangweso
na Korola ya buluu, rika langu.
Barasa, msaidizi wangu, akaninong'oneza:
filamu itakuwa ghali kuliko gari.
Alisikia.
"Hata jeneza lilikuwa ghali kuliko gari," akasema,
"na lile tulilifukia."

Nikalizunguka na tochi.
Paa limeliwa na jua. Ubavuni, duara juu ya duara,
kazi ya vijana wa ufuoni, sabuni yao ya unga
na matambara yaliyojaa mchanga.
Nikamweleza: filamu haifichi kitu, mama,
hutunza kile ilichokikuta.
Ukivisha uchafu, umeutia chupani.
Basi kwanza tusugue.

Siku mbili mashine ililia.
Buluu ikatoka, kaidi,
kama sare ya shule ya mtoto wa kwanza
kabla haijarithiwa na wadogo zake.

Nikafika mlango wa dereva.
Kuzunguka tundu la ufunguo, mikwaruzo:
mifupi, mirefu, mingine imepishana,
utadhani kuku alipekua pale akitafuta punje.
Nikainua mashine.

"Hapo usipaguse."

Nikaizima.

"Mwaka wake wa mwisho mkono ulitetemeka.
Hakutaka asaidiwe.
Nilisimama mlango wa jikoni nikisikia ufunguo
kri, kri, unatafuta nyumba yake.
Siku njema, mara tatu.
Siku mbaya nilifungua bomba
nisisikie."

Pale nikaosha kwa kidole, maji tu na tone la sabuni.
Filamu nikaipima kwa karatasi, nikaikata mezani,
kisu kisije kikaongeza lake.
Nyunyiza. Laza. Sukuma maji
kutoka katikati kwenda kingoni, polepole,
kama unayemfuta mtoto aliyelala.

Na maji yalipotanda
mikwaruzo yote ikatoweka.

Ndivyo ilivyo: mkwaruzo ukilowa hauonekani.
Mimi nalijua hilo, yeye hakulijua.
Nikamwona ameshika ukingo wa meza, midomo imekauka.
"Ngoja ikauke," nikasema,
nami pia sikuwa na hakika,
maana gundi nayo hujaza vidogo.

Tukangoja. Barasa akaenda kununua chapati.
Jua likaingia kwa tundu la bati
likatambaa hadi kwenye kitasa,
na mmoja mmoja
ikarudi.

Akainama, miwani puani, akahesabu kwa kucha bila kugusa.
Akahesabu tena.
Hakuniambia idadi. Mimi sikumwambia
kwamba miwili, ya chini kabisa, gundi iliimeza.

Nikamwandikia masharti:
usioshe siku saba,
usipige maji ya nguvu kingoni,
usipake mafuta ya taa, hata jirani akikushauri.
"Na mkono?" akauliza. "Naweza kuupitisha hapo?"
Nikasema: mkono, ndiyo.

Kisha akaomba nimpunguzie bei, akakaza kweli,
nami nikapunguza.
Si huruma. Kile kipande cha mlangoni
kilikuwa baki la Prado ya mheshimiwa mmoja,
na mheshimiwa alishalipa.