Ishirini na Nane

Lenzi yangu ya hamsini ni ya watu wenye uwanja.
Mimi nimezaliwa Kibokoni.
Nikitaka kumpiga mama pamoja na mlango wake
narudi nyuma hatua tatu, ya nne ni ukuta wa jirani,
na chuma cha dirisha lake hunichoma kisogoni.
Napata uso. Napata bega.
Mlango haumo.

Basi Jumamosi, elfu nane fundoni mwa leso,
nikatoka kuitafuta ishirini na nane.

Mwembe Tayari, Mwachiro ametandika turubai:
pasi, redio zisizo na matumbo,
kamera mbili zimelala kifudifudi.
"Hini safi, dadangu, haijatumika."
Haijatumika, na raba ya ringi imelika kama kisigino cha ndara!
Nikafungua tundu hadi mwisho, nikawasha tochi ya simu,
nikamulika kutoka nyuma.
Kuvu. Wala si doa, ni mtaa mzima,
vichochoro vyeupe vinapindana kati ya kioo na kioo.
Joto letu hili, na chumvi, na kabati lisilofunguliwa tangu masika:
Mombasa kila kinachokaa gizani huota ndevu.
"Hupangusika," akasema.
Hupangusika kwa nje, Mwachiro.
Cha ndani hakimuogopi mwenye kitambaa.

Ya pili, majani yake ya chuma yameloa mafuta;
nayasukuma, yanajifunga kivivu
kama kijana aliyeamshwa kwa daku.
Ya tatu ilikuwa nzuri, nzuri hasa,
ila shingo yake ni ya kamera nyingine.
Niliishika muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Saa tisa nikawa kwa Bi Zehra, mjane wa Taherali,
studio iliyogeuka duka la vifungo na nyuzi.
Akashusha kopo la maziwa ya unga.
Ndani, mchele mkavu, na lenzi imezikwa hadi kooni.
Mchele hunywa unyevu. Aubadilisha kila mwezi,
mwaka wa kumi na moja sasa.
"Na wa zamani?"
"Kuku wa jirani wanaujua mlango."

Hakunipa mkononi.
"Wataka kupiga nini?"
Nikasema nyumba. Inauzwa baada ya Idi.
Nikasema ndugu sita, chumba kimoja, picha moja.
"Basi angalia wa ukingoni, huwanenepesha.
Marehemu alimsimamisha pembeni shangazi ya bwana harusi;
mwaka mzima hatukuletewa hata kaimati."

Nikamulika. Punje mbili za vumbi,
mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele wa mtoto.
Ringi ikazunguka kama mwiko ndani ya halua ya moto.
"Kumi," akasema.
Nikafungua leso juu ya meza, aone mwisho wake.
Akahesabu mara mbili, akanyamaza,
akatafuta kifuniko.

Nikaipachika, ikalia *ta*, nikaiinua jichoni.
Duka zima likaingia: feni, vifungo kwa mamia,
nyuma ya mitumba ya vitambaa kipande cha pazia la zamani
lenye mlima wa theluji,
na Bi Zehra, aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu,
ameketi ng'ambo ya mbali, mdogo,
kama mtu unayemuaga.

Hapo nikaelewa ninachokinunua.
Lenzi hii haisogezi watu.
Humtia kila mtu ndani, na ndani humo humweka mbali.
Kaka Shee na kaka Lali hawajasemezana
tangu wakili alete karatasi;
shibiri mbili zilizo kati yao sebuleni
picha itazifanya uwanja wa Makadara.

Sikuirudisha.
Na iwe hivyo, uwanja nao upigwe,
ni wetu, umo nyumbani.

Njiani nikasimama dukani, nikaomba mchele nusu kilo.
"Wa pilau au wa biriani?"
Nikasema: wa kopo.