Kilichobaki

Kabla ya kupima spika nilipima gunia.
Driciru alisimama mlangoni, mikono kiunoni:
"Na unga wa mama utakaa wapi? Na kigari cha mtoto?"
Nikachora kwa chaki ndani ya buti la Spasio
kila kilichonitangulia: gunia, kigari, jeki, jerikeni.
Ikabaki kona nyuma ya tao la gurudumu,
lita kumi na nane, labda.
Basi, humo.

Onzima wa soko la mbao, hapa Arua,
akaniuliza ni tundu la kuku au jeneza la paka.
Sikujibu. Nilikuwa natoa unene wa plaiwudi,
maana ubao nao hula nafasi ya sauti.

Gundi. Skrubu. Nta ya mshumaa kwenye nyufa.
Umeme ulikatika duara halijafunga;
nikamalizia kwa msumeno wa mkono, simu mdomoni ikimulika.
Tundu limepinda kidogo upande wa kushoto.
Spika imelifunika.

Jumapili, njia ya Vurra, besi ikashuka,
na kibao cha namba kikalia kama sufuria.
Nikasimama, nikakibana kwa kipande cha ndala.
Tukaondoka tena.

Nyuma, kila pigo, gunia lilipumua vumbi jeupe.
Mtoto kalala.
Driciru akanyoosha mkono. Nikadhani redio,
nikaanza kutafuta maneno.
Akauweka mlangoni, kiganja wazi juu ya bati,
akauacha pale
mpaka kwa mama yake.