Kuungisha

Barua iliingia saa nane usiku, haina jina la mtu:
mibofyo ya udanganyifu, akaunti imefungwa.
Riyali arubaini na moja na baisa mia sita,
miezi saba ya mapishi yangu,
zimerudi kwa wenye matangazo.
Nilijitetea. Nikajibiwa kabla sijaweka nukta.

Mabela yote imelala. Kiyoyozi kinadondosha maji ndooni,
to, to, to,
kama mtu anayebofya.

Nikamshuku Haitham na michezo yake.
Nikamshuku jirani, muuza sambusa.
Mpaka kidole changu nikakishuku.

Alfajiri nikamkuta shangazi Shinuna juu ya msala,
miwani puani, simu mapajani.
Matairi: akagusa.
Bima ya gari, naye gari hana: akagusa.
Nyumba za Sohar za kulipia kidogo kidogo: akagusa,
akangoja ifunguke, kwa adabu,
kama aliyepiga hodi.

"Hamsini kila siku, kabla ya chai," akasema.
"Si ulisema wakigusa unalipwa?
Nakuungisha, mwanangu.
Nani akuungishe kama si sisi?"

Nikammiminia kahawa.
Nikasema zimeingia, shangazi, nyingi,
sasa yapumzishe macho.
Akanywa, akakitikisa kikombe: basi, imetosha.
Lakini kile kidole cha shahada
kilikuwa kimesharudi kwenye kioo,
kinatafuta tangazo jingine la kunisaidia.